Jenerali Grant: Alivyokimbizana na saratani ya ulimi hadi ukurasa wa mwisho

JUNI 2, 1884, katika nyumba ya mapumziko mjini Long Branch, ufuoni mwa jimbo la New Jersey, mzee wa miaka 62 aliuma tunda la pichi akashtushwa na maumivu makali kooni. Alidhani ameumwa na mdudu aliyejificha ndani ya tunda. Aliinuka, akatembeatembea barazani, akasukutua kinywa, lakini hata maji yalimchoma.

Mzee huyo alikuwa Ulysses S. Grant, jenerali aliyeyashinda majeshi ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani na rais wa 18 wa taifa hilo. Hakukuwa na mdudu. Kilichomuuma kilikuwa uvimbe uliokuwa ukiota kwenye shina la ulimi wake, upande wa kulia, na ambao ungemuua kabla ya miezi 14 kutimia.

Vita alivyopigana vimesimuliwa katika vitabu visivyohesabika. Mwaka wake wa mwisho haujulikani sana katika pande zetu, ilhali huo ndio uliomwonyesha alivyokuwa hasa: mtu asiye na pesa, asiye na sauti, aliyekuwa akiandika kitabu ili mkewe asije akafa maskini.

Grant alizaliwa Aprili 27, 1822 katika kijiji cha Point Pleasant, Ohio. Babake, Jesse, alikuwa na kiwanda cha kutengeneza ngozi, kazi ambayo kijana huyo aliichukia kwa moyo wake wote. Hakustahimili kuona damu. Hata ukubwani, kamanda huyo aliyeongoza baadhi ya mapigano yaliyoua watu wengi zaidi katika karne yake hakula nyama mpaka iwe imekaushwa motoni kabisa. Alichokipenda tangu utotoni ni farasi.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Hiram Ulysses. Mwaka wa 1839, mbunge aliyempendekeza kujiunga na chuo cha kijeshi cha West Point alilikosea, akaandika Ulysses S. Grant, na chuo kikakataa kulirekebisha. Herufi hiyo ya S haikusimamia jina lolote, nayo ikamganda maisha yake yote.

Alihitimu mwaka wa 1843 akiwa wa 21 katika darasa la wanafunzi 39, akapigana nchini Mexico, na mwaka wa 1848 akamwoa Julia Dent, binti wa mkulima wa Missouri aliyemiliki watumwa. Kisha jeshi likampeleka katika kambi za mbali kwenye mwambao wa Pasifiki, mbali na mke na watoto. Upweke ukamwingiza katika ulevi, na mwaka wa 1854 akajiuzulu. Alifika New York akiwa hana kitu, na aliyemwokoa katika deni la hoteli alikuwa rafiki yake wa tangu West Point, Simon Buckner. Msomaji alitunze jina hilo, maana tutakutana nalo tena mara mbili.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alilima karibu na St. Louis, mazao hayakumpa kitu, akawa anauza kuni barabarani. Hata hivyo, mwaka wa 1859, akiwa katika ufukara huo, alimwandikia mtumwa wake William Jones hati ya uhuru, ilhali angeweza kumuuza kwa pesa nyingi ambazo alizihitaji mno. Mwaka uliofuata alihamia Galena, Illinois, kufanya kazi katika duka la ngozi la babake. Alikuwa na umri wa miaka 38 na hapakuwa na aliyemtarajia makubwa.

Vita vilizuka Aprili 1861. Kabla ya miaka mitatu kutimia, mwuza duka huyo alikuwa amekabidhiwa majeshi yote ya Muungano.

Ushindi wake wa kwanza mkubwa ulikuwa katika ngome ya Donelson, Februari 1862, na ndipo pia ugonjwa wake ulipoanza, tukikubali maoni ya madaktari wengi. Magazeti ya Kaskazini yaliripoti kuwa jenerali huyo alionekana akiwa na sigara nene mkononi huku mapigano yakiendelea. Wananchi walifurahishwa mno na picha hiyo. Kutoka kila upande walianza kumtumia maboksi ya sigara hizo, zikafika takriban 10,000. Hadi wakati huo Grant alikuwa mvutaji wa kiasi tu, aliyependelea kiko. Alizigawa nyingi alivyoweza, lakini zilizobaki zilimfunza uraibu asiouacha mpaka alipokatazwa na madaktari miaka 22 baadaye. Sisi wanahabari tumezoea kujivunia yale ambayo kalamu zetu zimeyarekebisha. Nadra tunahesabu madhara kama hayo.

Aliyesalimu amri mbele yake katika ngome hiyo alikuwa Buckner yuleyule, sasa jenerali wa upande wa Kusini. Grant hakumlegezea masharti hata kidogo, ila baada ya kumteka alimpa mkoba wake ili achukue pesa za matumizi.

Vicksburg ilianguka Julai 4, 1863. Aprili 9, 1865, Jenerali Robert Lee alisalimu amri kijijini Appomattox, Virginia, na hapo Grant akaonyesha upole ambao wengi hawakuutarajia. Askari wa Kusini waliruhusiwa kurudi makwao na farasi wao ili wawahi msimu wa kulima, na akaamuru walioshindwa wapewe chakula kutoka maghala ya washindi.

Urais wake, kuanzia 1869 hadi 1877, umekuwa ukipimwa upya na wanahistoria. Kwa muda mrefu alikumbukwa kwa kashfa za ufisadi za wasaidizi wake tu, na kashfa hizo zilikuwepo kweli. Lakini ni katika utawala wake ambapo Marekebisho ya 15 ya Katiba yaliidhinishwa mwaka wa 1870 kuwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura, na ni yeye aliyetumia sheria ya 1871 na jeshi kulivunja kundi la Ku Klux Klan huko Carolina Kusini. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: akimwamini mtu, alifumba macho. Udhaifu huo ndio uliomfilisi.

Baada ya kuzunguka dunia kwa zaidi ya miaka miwili, Grant aliingia katika biashara ya fedha jijini New York pamoja na mwanawe Ulysses, aliyeitwa Buck, na kijana mmoja mwerevu, Ferdinand Ward. Kampuni yao, Grant & Ward, ilionekana kutoa faida ya ajabu. Ukweli ni kwamba Ward alikuwa akiwalipa wawekezaji wa zamani kwa pesa za wawekezaji wapya, na kuweka dhamana moja kwa mikopo kadhaa. Wakenya waliopoteza akiba zao katika mipango ya piramidi ya miaka ya 2006 na 2007 watautambua mchezo huo mara moja. Jumapili ya Mei 4, 1884, Ward alimjia Grant akidai kuwa benki inayowashikilia inahitaji msaada wa siku moja tu. Grant akaenda kwa tajiri William Vanderbilt kukopa dola 150,000. Siku mbili baadaye kampuni iliporomoka, na pesa hizo zilikuwa zimeshatoweka. Ward alifungwa jela. Grant alimkabidhi Vanderbilt nyumba, pamoja na panga na zawadi alizopewa na mataifa mbalimbali. Wakati huo marais wastaafu hawakuwa na pensheni, na ile ya jeshi aliiacha alipoingia ikulu.

Mwezi mmoja baada ya msiba huo wa fedha ndipo alipouma lile pichi.

Jambo linalosikitisha katika historia ya ugonjwa wake ni muda uliopotea. Kiangazi hicho, daktari mashuhuri wa Philadelphia, Jacob Da Costa, alimchungulia koo akiwa ufuoni na kumsihi amwone daktari wake haraka. Daktari wake, Fordyce Barker, alikuwa Ulaya, na Grant akaamua kumsubiri. Maumivu yalifika sikioni, akameza kwa taabu, akaendelea kuvuta. Ilipofika Oktoba 22, Barker alikuwa amerudi na kumpeleka kwa John Douglas, bingwa wa magonjwa ya koo. Douglas alipobonyeza ulimi na kuangalia kwa kioo, alikuta uvimbe mgumu kwenye shina la ulimi, tezi zimevimba na kaakaa laini limeshaguswa. Miezi mitano ilikuwa karibu kutimia.

Shina la ulimi ni sehemu ambayo mtu hawezi kuiona hata akisimama mbele ya kioo na kutoa ulimi wote. Limejificha nyuma, karibu na koromeo. Kidonda cha ubavuni mwa ulimi husumbua meno na chakula, hivyo mwenyewe hukigundua. Kile cha shinani hukua kimyakimya, na mara nyingi dalili ya kwanza huwa ni uvimbe shingoni, ugumu wa kumeza, au maumivu ya sikio ilhali sikio lenyewe ni zima, kwa sababu mshipa wa fahamu unaohudumia shina la ulimi una tawi linalofika sikioni.

Februari 1885, kipande cha nyama kutoka kooni mwake kilichunguzwa kwa hadubini na Dkt George Elliott, na Dkt George Shrady akathibitisha matokeo. Ilikuwa saratani ya seli bapa za utando, aina ambayo ndiyo inayopatikana zaidi ulimini hata leo. Zipo nyingine zisizoonekana mara kwa mara: inayochipuka katika vitezi vidogo vya mate na ambayo hufuata mishipa ya fahamu, inayoanzia kwenye tishu za limfu za shina la ulimi, na zile za nadra kabisa zinazotokana na misuli au na seli za rangi ya ngozi. Kuzitofautisha si anasa ya wasomi. Ya limfu, kwa mfano, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa na wala si kwa kisu.

Ubaya wa kutofautiana huku ulionekana kwa mtu wa karibu. Grover Cleveland, aliyekuwa ameingia ikulu Machi 1885 huku Grant akiwa mahututi, naye alipata uvimbe kaakaani mwaka wa 1893. Alipasuliwa kwa siri Julai 1 mwaka huo ndani ya mashua ya kifahari iliyoitwa Oneida, na umma ukaambiwa ni meno tu yaliyong'olewa. Ukweli ulichapishwa na mmoja wa wapasuaji wake mwaka wa 1917. Cleveland aliishi hadi 1908. Uchunguzi wa kipande kilichohifadhiwa, uliofanywa miongo mingi baadaye, ulionyesha kwamba uvimbe wake ulikuwa wa aina adimu inayofanana na chunjua, ambayo hukua polepole na huenea kwa nadra mno. Marais wawili, kinywa kwa kinywa, wote wavutaji. Mmoja akapona, mwingine akazikwa.

Kwa Grant, upasuaji ulijadiliwa na kukataliwa. Ungelazimu kupasua taya, kuondoa ulimi wote na sehemu kubwa ya kaakaa, na hakuna aliyeamini kwamba angesalimika. Eksirei haikuwa imegunduliwa. Ilikuja mwaka wa 1895, miaka 10 baada ya kifo chake, na tiba ya mionzi ikafuata. Leo saratani ya shina la ulimi ikipatikana mapema hutibiwa kwa mionzi, dawa za kemikali au upasuaji, na wagonjwa wengi hupona. Inajulikana pia kwamba mbali na tumbaku na pombe, nyingi za sehemu hiyo siku hizi husababishwa na virusi vya HPV, vilevile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi na ambavyo Kenya ilianza kuwachanja wasichana dhidi yake mwaka wa 2019. Na kwa kuwa tunaizungumzia tumbaku, tambuu ya popoo, chokaa na tumbaku inayotafunwa Pwani nayo imeorodheshwa na watafiti wa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani ya kinywa. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu si cha kusubiri daktari arudi kutoka Ulaya.

Alichokuwa nacho Douglas kilikuwa kidogo: dawa ya unga ya kusafisha kidonda, mofini ya kumlaza usiku, na maji ya kokeini. Hiyo ya mwisho ilikuwa mpya kabisa. Uwezo wake wa kutia ganzi ulikuwa umetangazwa na daktari kijana wa Vienna, Carl Koller, Septemba 1884, mwezi mmoja tu kabla ya Grant kuingia katika chumba cha Douglas. Ilimpa nafuu ya dakika chache, kisha maumivu yakarudi. Mofini ilimtuliza zaidi lakini ilimtia ukungu akilini, kwa hivyo mchana aliikwepa. Alihitaji akili timamu.

Sababu ilikuwa kitabu. Jarida la Century lilikuwa limemlipa dola 500 kwa kila makala kuhusu vita vyake. Makala ya kwanza ilikuwa kavu kama ripoti ya ofisini. Mhariri akamshauri aeleze alichokiona na alichokihisi, na Grant, aliyejifunza kutii na kuamuru kwa maneno machache, akaishika siri hiyo upesi. Century wakataka kuchapisha kumbukumbu zake kwa mrabaha wa asilimia 10. Mark Twain, mwandishi mashuhuri aliyekuwa na kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, aliposikia masharti hayo alishangaa, akampa asilimia 70 ya faida. Ilimchukua Grant muda kukubali, maana aliona ni kama kumsaliti aliyemjia kwanza.

Machi 1, 1885, magazeti yaliitangaza habari kwamba Grant anakufa. Umati ukaanza kukusanyika nje ya nyumba yake katika Barabara ya 66 Mashariki. Siku tatu baadaye, Bunge la Kongresi lilimrejeshea cheo cha jenerali na mshahara wake. Mapema Aprili ilidhaniwa amefika mwisho. Kisha, Aprili 7, alitokwa damu nyingi kooni, na madaktari wakagundua kwamba sehemu ya uvimbe ilikuwa imeng'oka pamoja na damu hiyo. Alipata ahueni, akarudi mezani.

Aliandika kwa mkono wake, na siku alizoweza kuzungumza alimsomea karani wa hati mkato. Mwanawe mkubwa, Fred, alihakiki tarehe na ramani. Sauti ilipokwisha, aliwasiliana na madaktari na jamaa kwa vipande vya karatasi, vingi ambavyo vimehifadhiwa. Uvumi kuwa Twain ndiye aliyeandika kitabu hicho ulianza wakati huohuo na haujaisha, lakini hauna msingi: mswada upo katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, kwa mwandiko wa Grant mwenyewe. Nimetumia miaka mingi nikifupisha sentensi za wengine, na nakiri kwamba katika kazi ya mtu huyu kalamu yangu nyekundu ingekaa bure. Sentensi zake ni kama amri zake za vitani, ambazo maafisa wake walisema haikuwahi kutokea mtu akalazimika kuzisoma mara mbili.

Juni 16 alihamishwa kwa treni hadi Mlima McGregor, karibu na Saratoga, katika nyumba ndogo aliyoazimwa na mwenye benki Joseph Drexel ili aepuke joto la jiji. Hakuweza tena kulala chali kwa kuogopa kukabwa, basi alilala ameketi kwenye viti viwili vya ngozi vilivyoelekezana, kofia ya sufu kichwani na kitambaa shingoni cha kuuficha uvimbe. Wageni walipita mbele ya baraza kwa mamia, naye akawapungia mkono.

Julai 10 alifika mgeni asiyetarajiwa: Simon Buckner, aliyemlipia hoteli mwaka wa 1854 na kumsalimia amri mwaka wa 1862. Walikaa pamoja, mmoja akisema, mwingine akiandika kwenye karatasi kuhusu nchi iliyokuwa imeungana tena.

Katika wiki ya tatu ya Julai Grant aliweka kalamu chini. Alifariki asubuhi ya Julai 23, 1885, saa mbili na dakika chache, mkewe na watoto wake wakiwa kando yake. Fred alisimamisha saa iliyokuwa juu ya meko, na hadi leo mishale yake haijasogezwa. Nyumba hiyo ni jumba la makumbusho, na miongoni mwa vitu vilivyomo ni viti vile viwili na chupa ya maji ya kokeini.

Mazishi ya Agosti 8 yalihudhuriwa na watu takriban milioni 1.5 jijini New York. Miongoni mwa waliosindikiza jeneza walikuwa Sherman na Sheridan wa Kaskazini, pamoja na Johnston na Buckner wa Kusini.

Kitabu kilitoka katika juzuu mbili, mawakala wengi wa kukiuza wakiwa askari wa zamani waliobisha hodi nyumba kwa nyumba wakiwa na sare zao. Kiliuza zaidi ya nakala 300,000 za juzuu hizo mbili. Februari 1886 Julia alipokea hundi ya dola 200,000, na jumla aliyolipwa ilifika karibu dola 450,000. Kampuni ya Twain yenyewe ilifilisika mwaka wa 1894, lakini wakati huo mjane alikuwa ameshapata haki yake. Julia aliishi kwa starehe hadi Desemba 1902, akazikwa kando ya mumewe katika kaburi kubwa linaloutazama mto Hudson. Naye pia aliandika kumbukumbu zake. Hakupata wa kuzichapisha, na zilitoka mwaka wa 1975.